Wanaokana Mwezi Ndio Wanaokana Moto wa Bibokoboko

BARAKA, Fizi – Filamu ya mwezi ikiisha katika chumba cha video, jenereta ikizimwa na watu wakianza kutafuta kandambili zao gizani, hakosekani kijana mmoja wa kusimama na kutoa hukumu: "Hiyo ni sinema. Hakuna mtu aliyefika kule." Wenzake wanacheka, wanamgongea mikono, na mambo yanaishia hapo. Hakuna anayemwuliza amejuaje. Ndiyo raha ya neno hilo: msemaji anaonekana mjanja kuliko wote bila kutoa jasho.

Ingekuwa porojo ya vijana tu, kama neno hilo lisingekuwa na ndugu yake anayetembea mchana. Ndugu huyo anasikika sokoni, kwenye maegesho ya pikipiki, na zaidi ya yote katika odio za WhatsApp. Anasema: "Bibokoboko hakukuchomwa kitu, ni sinema ya watu wanaotafuta msaada." Akibanwa kidogo anageuza: "Basi walichoma wenyewe." Na katika kona nyingine ya mji huu huu anasema juu ya Babembe, Bafuliiru na Banyindu waliopoteza nyumba zao katika vijiji vya jirani: "Wale hawana wafu, wanasingizia." Kila upande una odio yake, na neno ni lile lile. Sinema.

Yule anayekana mwezi na yule anayekana moto wanaweza kuwa watu wawili wasiojuana kabisa. Lakini walisoma shule moja. Katika shule hiyo mtu anafundishwa kwamba kukataa ni akili, kwamba anayeamini ni mjinga, na kwamba aliyeona kwa macho ndiye wa kushukiwa kwanza. Oktoba 2021 vita vilipopanda Bibokoboko na vijiji vya kando yake, nyumba ziliteketea na familia zikakimbia, nyingine zikashuka hadi hapa Baraka kando ya ziwa. Watu hao leo wanaombwa kuthibitisha kwamba walikuwa na nyumba. Wanaombwa na nani? Na mtu aliyekuwa amelala kitandani kwake siku ile, mwenye simu na megabaiti za kutosha.

Kwa hiyo ni vizuri kurudi kwenye filamu yenyewe, maana ina la kufundisha, na si lile ambalo wengi wanadhani.

Inaitwa Apollo 11. Ilitengenezwa na Todd Douglas Miller na kutoka mwaka 2019, miaka 50 baada ya safari yenyewe. Iliandaliwa kwa ajili ya kumbi za IMAX, zile ambazo kioo chake kina urefu wa nyumba ya ghorofa kadhaa na mtazamaji anajiona kama amesimama ndani ya picha. Fizi haina ukumbi wa namna hiyo. Hapa filamu inaonekana juu ya shuka nyeupe iliyopigiwa misumari ukutani, ama kwenye simu inayopita mkono kwa mkono huku betri ikihesabiwa. Hata hivyo, hata juu ya shuka yenye makunyanzi kuna kitu kinachomshika mtazamaji: hakuna mtu anayesimulia. Hakuna mzee aliyeketi kwenye kiti akikumbuka ujana wake. Hakuna mwigizaji. Ukiondoa muziki na michoro michache ya kuonyesha njia ya safari, kila kinachoonekana kilinaswa na kamera za siku zile, na kila kinachosemwa kilisemwa siku zile.

Ilitoka wapi picha safi namna hiyo? Ilitoka kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Kulikuwa na mikanda ya upana wa milimita 65, aina kubwa inayotumiwa kwa sinema za kifahari, iliyopigwa mwaka 1969 na kuwekwa ndani kwa miaka mingi karibu bila kutazamwa na mtu. Kulikuwa pia na sauti za chumba cha kuongozea safari, zaidi ya saa 11,000, mtu mmoja mmoja akiongea kwenye laini yake. Miller na wenzake walikaa wakazisikiliza, wakatafuta sauti ipi inakwenda na mdomo upi.

Ndiyo maana filamu inaonyesha mambo ambayo mwongo asingejisumbua kuyabuni. Roketi yenye urefu wa zaidi ya mita 110 inasogezwa juu ya mtambo wa minyororo unaokwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Watu wamelala ndani ya magari ufukweni Florida wakingoja. Saa chache kabla ya kuruka, mafundi wako kwenye valvu inayovuja hidrojeni, wanakaza boliti, kama mafundi wa mashua ya injini hapa bandarini abiria wakiwa wamekwisha kupanda. Mapigo ya moyo ya wanaume watatu, Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins, yanaandikwa roketi inapoondoka. Kengele ya kompyuta inalia wakati wa kutua na mafuta yanahesabiwa kwa sekunde. (Na kwa akina mama wanaosikiliza: katika chumba cha kurushia kilichojaa wanaume wenye mashati meupe anaonekana mwanamke mmoja, mhandisi JoAnn Morgan. Mmoja tu. Hilo nalo limebaki kwenye mkanda, Marekani wapende wasipende.)

Waliondoka tarehe 16 Julai 1969, wakatua tarehe 20, wakarudi duniani tarehe 24. Baada yao walikwenda wengine. Hadi mwisho wa 1972 watu 12 walikuwa wamekanyaga mwezi katika safari sita, na kilo 382 za mawe na udongo zilikuwa zimeletwa.

Kijana wa chumba cha video ana maswali yake, na haki imtendekee: si maswali ya kijinga. Mbona bendera inasimama wazi na kule hakuna upepo? Kwa sababu ina fimbo ya mlalo iliyoshonewa juu. Mbona nyota hazionekani? Mpige mwenzako picha usiku mbele ya taa kali ya pikipiki: uso utatoka, nyota hazitatoka. Nani alimpiga picha Armstrong akishuka ngazi ikiwa yeye ndiye wa kwanza? Kamera ilikuwa imefungwa ubavuni mwa chombo. Majibu haya yako wazi tangu miaka mingi. Kuuliza ni haki ya kila mtu. Ubaya uko kwa anayeuliza kisha anaondoka kabla jibu halijafika, na akifika nyumbani anasema hakujibiwa.

Lakini tuseme amekataa majibu yote hayo. Tuseme anajibu, kama wanavyojibu wengi, kwamba Wamarekani wanaweza kutengeneza picha yoyote wanayotaka. Sawa. Basi Wamarekani wawekwe pembeni, aitwe adui yao.

Mwaka 1969 Marekani na Muungano wa Kisovieti walikuwa maadui wakubwa kuliko wote duniani. Kila mmoja alikuwa na mabomu ya kummaliza mwenzake. Wasovieti ndio waliomtuma mtu wa kwanza angani, Yuri Gagarin, tarehe 12 Aprili 1961, na mwezi waliutaka wao. Tena, jambo ambalo wengi hawalijui: siku tatu kabla ya Armstrong kuondoka, Wasovieti walirusha chombo chao kisicho na mtu, Luna 15, kikafika na kuzunguka mwezi wakati ule ule. Kilianguka na kuvunjika juu ya mwezi tarehe 21 Julai, Armstrong na Aldrin wakiwa bado wako kule. Waingereza katika kituo chao cha Jodrell Bank walikuwa wakisikiliza mawimbi ya vyombo vyote viwili.

Fikiria faida ambayo Moscow ingepata kwa kusema neno moja: uongo. Walikuwa na mitambo ya kusikiliza, walikuwa na wataalamu, walikuwa na kila sababu ya chuki. Hawakusema. Mwaka 1971 walikaa mezani na Wamarekani wakabadilishana punje za udongo wa mwezi, wao wakitoa ule ulioletwa na chombo chao Luna 16, wakapokea ule wa Apollo. Kila upande ukapima wa mwenzake katika maabara yake.

Huyo ndiye shahidi. Rafiki yako akikusifu, ni vizuri, lakini haitoshi. Adui yako akikubali kitu ambacho kinamuuma kukubali, hapo kesi inafungwa. Uvumi kwamba mwezi ni sinema haukutoka Moscow. Ulitoka Marekani kwenyewe, na kitabu kilichoukuza, cha Bill Kaysing, kilitoka 1976, miaka saba baadaye, wakati haukuhitaji ujasiri wowote.

Sasa kipimo hicho kiletwe Fizi, na watu waone jinsi kinavyochoma.

Katika mji huu na katika milima iliyo juu yake wako wazee wa Kibembe wanaosema, ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa: ndiyo, moshi wa Bibokoboko tuliuona, na tunajua zilikuwa nyumba za nani. Wako akina mama wa Kinyamulenge wanaosema kwa sauti ya chini: ndiyo, kijiji cha jirani zetu nacho kilichomwa, na vijana waliopita hapo hawakuwa wageni kwetu. Watu hao ndio Jodrell Bank ya Fizi. Ushahidi wao una uzito kuliko mabango na matangazo mia moja ya kila kabila kujililia lenyewe, kwa sababu hawapati faida yoyote kwa kuusema. Na wanalipwa nini? Wanaitwa wasaliti. Mzee akisema ukweli unaoumiza upande wake, watoto wa ukoo wake mwenyewe wanamtangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba amekula pesa.

Hapo ndipo neno "sinema" linapofanya kazi yake halisi. Halikusudiwi kumshawishi adui. Linakusudiwa kumfunga mdomo ndugu.

Kipimo hiki si ndoto, kimewahi kutumika juu ya udongo huu. Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti inayojulikana kama Rapport Mapping, juu ya maovu yaliyotendeka Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Watafiti walihoji mashahidi zaidi ya 1,280 na kupitia nyaraka zipatazo 1,500, wakaorodhesha matukio 617. Kanuni yao ilikuwa kwamba tukio haliingii kama halina vyanzo viwili visivyotegemeana. Ndani ya ripoti hiyo hiyo wamo Banyamulenge waliouawa Septemba 1996 upande huu wa ziwa, na wamo wakaaji wa Makobola waliouawa mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999. Jalada moja. Na kila odio ya kabila inanukuu nusu yake tu, kana kwamba ile nusu nyingine iliandikwa na watu wengine.

Wanaonukuu nusu hiyo wanajua wanachofanya. Mtu aliyesoma ukurasa wa Makobola akaruka ukurasa wa 1996, ama aliyesoma wa 1996 akaruka wa Makobola, hana ruhusa ya kusema hakujua.

Kuna watakaosema siku hizi hakuna haja ya mashahidi, satelaiti zinaona kila kitu. Ni kweli satelaiti zinaona mengi. Chombo cha Wamarekani kinachozunguka mwezi tangu 2009 kimepiga picha za mahali walipotua, hata njia za miguu yao katika vumbi. Na satelaiti zinazozunguka dunia zinanasa joto la moto kila siku, na ramani zake zinatolewa bure ndani ya saa chache. Yeyote mwenye intaneti hapa Baraka anaweza kuzifungua. Lakini doa jekundu juu ya ramani halisemi kama ni nyumba ama ni shamba lililochomwa wakati wa kiangazi. Picha nzuri zaidi inaweza kuonyesha kwamba paa lilikuwepo na sasa halipo. Satelaiti inaona paa lililoungua, haioni mkono uliowasha kiberiti, wala haijui jina la bibi aliyekuwa ndani. Hayo yanajulikana na watu, na watu wanazeeka, wanahama, wanakufa.

Mwezi wenyewe hauko mbali na jambo hili. Kwa familia zilizoshuka usiku kutoka milimani, mwezi si hadithi ya wataalamu. Mbalamwezi ilimwonyesha mama mahali pa kukanyaga, na hiyo hiyo ilimwonyesha yeye kwa aliyekuwa akimtafuta. Mama huyo anakumbuka mwezi ulikuwa umefika wapi mbinguni alipovuka mto. Hakuna karani aliyemwuliza.

Oktoba 1969, miezi mitatu tu baada ya kurudi, Armstrong, Aldrin na Collins walikuja Kongo. Walikuwa katika ziara ya kuzunguka dunia na Kinshasa ilikuwa kituo chao katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Fizi haikuwaona. Fizi wakati huo ilikuwa na vita vyake: uasi wa Simba ulikuwa umepita, na milimani walikuwa wapiganaji wa PRP, chama kilichoanzishwa na Laurent-Désiré Kabila mwaka 1967. Sasa jiulize: ni nini kimebaki cha mwaka huo 1969 katika milima hii? Kule Florida valvu iliyovuja ina mkanda wake. Moyo wa Collins una namba yake. Hapa, kijiji kizima kilihama, watu walizikwa njiani, na hakuna karatasi. Yaliyobaki yako katika vinywa vya wazee, na kila mvua inaondoka na mmoja.

Mfano wa karibu zaidi ni huu. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akaishi katika milima ya Fizi kuanzia Aprili hadi Novemba. Leo dunia nzima inajua homa yake, njaa yake, ugomvi wake na makamanda, kwa sababu aliandika. Mgeni wa miezi saba ana kitabu. Mama wa Fizi aliyempikia, aliyembebea mzigo kwenye mteremko, hana hata mstari wenye jina lake. Wajukuu wake wakisema leo kwamba bibi alikuwepo, kijana wa odio atajibu: sinema.

Wamarekani wenyewe hawana usafi wote. Mwaka 2009 NASA ilikiri kwamba mikanda ya awali iliyopokea picha za Apollo 11 moja kwa moja kutoka mwezini haikupatikana tena, na kwamba bila shaka ilifutwa na kutumiwa upya miaka ya nyuma mikanda ilipokuwa haba. Nakala za matangazo ya televisheni zilibaki, mikanda ya milimita 65 ilibaki, mawe yalibaki. Hata hivyo pengo hilo moja limewalisha wakanushaji hadi leo. Kama pengo moja linaweza kulisha uongo kiasi hicho mahali penye kilo 382 za ushahidi, Fizi yenye mapengo matupu italisha uongo kiasi gani?

Wapo wanaokataa mazungumzo haya kwa sababu nyingine, na sababu yao ni ya heshima. Wanasema: mtu amelala chini ya hema lililotoboka, watoto wamekula mara moja, mwezi ni wa nini? Waambiwe kwamba hawako peke yao, na kwamba mtu aliwatangulia. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya roketi kuruka, mchungaji Ralph Abernathy, aliyeshika nafasi ya Martin Luther King, alifika kule Florida na familia maskini pamoja na nyumbu wawili wakivuta gari la mbao, kulalamika kwamba nchi inayoweza kufika mwezini inashindwa kulisha watu wake. Mkuu wa NASA, Thomas Paine, alitoka nje akamsikiliza. Ona sasa jinsi mtu mwenye hoja anavyopinga. Abernathy hakusema roketi ni ya uongo. Alisimama mbele yake, akakubali ipo, ndiyo maana deni alilolidai likawa zito. Aliyekosa chakula hapa Baraka ana haki ya kuuliza kwa nini ulimwengu unaopima mapigo ya moyo mwezini hauhesabu wafu wa Fizi. Swali hilo linakufa papo hapo akianza kwa kusema mwezi ni sinema.

Redio nazo zisijifiche. Katika matangazo ya eneo hili neno "inasemekana" limefanya madhara kuliko bunduki nyingine. Inasemekana kundi fulani linakusanyika. Inasemekana wamepora ng'ombe. Nani anasema, aliona wapi, saa ngapi, na wale wanaotajwa wameulizwa? Habari inayotoka bila jibu la hayo ni odio ya WhatsApp iliyovaa shati safi. Saa 11,000 za sauti za Apollo zina jambo moja ambalo kila mtangazaji angepaswa kulibandika ukutani: kila aliyeongea kwenye laini ile alisema anachoona kwenye kioo chake yeye, si cha jirani. Asiyejua alisema hajui, akangoja. Ndiyo maana walirudi nyumbani.

Na wakubwa wanaounda tume baada ya kila moto, wakapanda mlima, wakapiga picha na machifu, wakashuka, kisha karatasi zao zisionekane tena: hao wanamsaidia mkanushaji kuliko yeyote. Tume isiyotoa ripoti ni mkanda uliofutwa.

Kinachoweza kufanywa hakingoji Kinshasa wala Geneva. Katika kila mahali walipo waliohamishwa hapa Baraka kuna mtu aliyemaliza shule anayejua kuandika vizuri. Daftari la mistari na kalamu ya wino vinapatikana dukani. Aketi na kila familia: jina la kijiji, jina la kilima kama wenyewe wanavyokiita, nyumba ilitazama wapi, ng'ombe wangapi, nani alikufa na alizikwa wapi, nani aliona kwa macho na nani alisikia tu, siku gani. Asiyekumbuka tarehe aseme kama ilikuwa siku ya soko, kama mihogo ilikuwa imevunwa, kama mwezi ulikuwa mpevu. Majina ya wanaotuhumiwa yasisomwe hadharani. Hata watafiti wa Mapping hawakuyachapisha, waliyaweka katika hifadhi ya siri, kwa sababu orodha ya namna hiyo ikitembea mitaani inaua watu wasio na hatia pamoja na wenye hatia.

Kisha daftari linakiliwe. Lililoachwa chini ya hema halimalizi mvua za Novemba. Nakala moja ikae kwa mchungaji ama padri, moja kwa shirika la raia. Na ya tatu, hata kama mkono utasita, apewe mzee wa kabila la upande wa pili aliyeishi jirani na kijiji hicho. Aisome ukurasa kwa ukurasa, atie sahihi pale anapojua ni kweli, na pale anapopinga aandike pembeni, kwa mkono wake, kile alichokiona yeye.